Ndege Iliyotua Bila Rubani: gumzo la kundi la "Ukoo Wetu"

Binamu: 📷 Oneni hii jamani. Ndege ya vita, iko jangwani Libya mpaka leo, ilitua yenyewe bila mtu ndani! Wanasema ni majini.

Dada: Majini tena 😂

Mjomba: Hamna jini hapo. Hiyo ni Lady Be Good, ndege ya mabomu aina ya B-24 ya Wamarekani. Watu tisa waliruka kwa parachuti mafuta yakiwa yanaishia, ndege ikaenda peke yake kama kilomita 26, ikalalia tumbo mchangani.

Binamu: Lini hiyo mjomba?

Mjomba: Aprili 4, 1943. Walitoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kupiga bandari ya Naples. Safari yao ya kwanza ya vita, rubani William Hatton. Vumbi la jangwani liliwachelewesha, wakafika kiza kimeingia, wakageuza. Mabomu wakayamwaga baharini.

Dada: Sasa wakapotea vipi? Si unarudi ulikotoka? Uzembe tu huo.

Mjomba: Usiseme hivyo mwanangu. Chini hakuna taa hata moja. Kwenye saa sita usiku Hatton aliomba mwelekeo kwa redio, kituo cha Benina, hapo karibu na Benghazi, kikampimia. Kipimo kile kilitoa mstari tu, hakikujua kama ndege iko mbele au nyuma ya kituo. Inaelekea walishaupita uwanja. Wakaendelea kusini kama saa mbili hivi.

Shangazi: Loo! Kama kusikia adhana usiku mji wa ugenini, hujui msikiti uko wapi.

Mjomba: Ndiyo hivyo dada.

Mama Mdogo: Samahani, nani bado hajatuma mchango wa harusi?

Shangazi: Ngoja kwanza mwenzangu, watu wako jangwani 😅

Dada: Walipotua je?

Mjomba: Wanane walikutana. Wa tisa, Woravka, parachuti lake halikufunguka sawasawa. Waliobaki wakashika njia ya kaskazini wakidhani bahari iko karibu, kumbe ni zaidi ya kilomita 600. Maji nusu chupa, watu wanane! Toner, rubani msaidizi, alikuwa na shajara. Anaandika kila mtu kifuniko kimoja kwa siku. Kaandika mpaka tarehe 12.

Shangazi: Subhanallah.

Mjomba: Na kinachoniuma, kule kusini ndani ya ndege mlikuwa na maji, chakula na redio nzima. Wangejuaje? Waliiacha ikiwa angani, usiku.

Dada: Basi nafuta neno uzembe.

Binamu: Nani aliiona?

Mjomba: Watafuta mafuta, mwaka 1958, wakiwa angani. 1959 wakaifikia kwa gari. Bunduki zake zilikuwa bado zinafyatuka. Mwaka 1960 wakapatikana watano pamoja, wamekwenda kwa miguu zaidi ya kilomita 120. Watatu walikuwa wametangulia kutafuta msaada. Shelley alipatikana kama kilomita 30 mbele, Ripslinger zaidi ya 40. Moore mwili wake haukutambuliwa kamwe.

Shangazi: Kilomita 40 zaidi, bila maji?

Mjomba: Bila maji dada.

Dada: Na ndege yenyewe bado iko pale pale?

Mjomba: Hapana. Mabaki yalihamishwa 1994, yakapelekwa kambi ya jeshi hukohuko Libya.

Dada: Binamu, umesikia? "Iko jangwani mpaka leo."

Binamu: Nimesikia, naifuta. Ila nishaituma makundi matatu 🙈

Mama Mdogo: Kafute na huko. Halafu tuma mchango.