Kyoto au Nara kwa siku moja ya miguu? Tuko wanafunzi kumi

Mwanafunzi_Osaka: Wakuu, habari za masomo. Tuko kumi hapa Osaka, Japani: Watanzania sita, Wakenya watatu na Mkongo mmoja. Jumamosi moja katikati ya Novemba tunataka kutembea kutwa, treni iwe ya kwenda na kurudi tu. Nusu wanataka Kyoto (hekalu la Fushimi Inari kule mlimani, hekalu la Kiyomizu-dera, kisha mtaa wa kale wa Gion), nusu Nara. Hela ndiyo hivyo, boom (hela ya kujikimu chuoni) limeshakatika. Mliokwenda, mnashauri nini?

Binti_Pangani: Kyoto, sina mjadala. Fushimi Inari hakuna kiingilio na hapafungwi usiku wala mchana. Wengi wanakosea kufika saa nne asubuhi. Saa hizo chini ya yale malango mekundu mnasukumana kama Kariakoo kuamkia Idi. Fikeni saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo linachomoza. Na msiishie pale kila mtu anapopigia picha. Pandeni mpaka Yotsutsuji, njia panda ya juu mlimani, mji mnauona chini, na kuanzia hapo watu ni wa kuhesabu. Mlima wenyewe ni mita 233 tu, lakini magoti yatajua. Mzunguko mzima, wekeni saa mbili hadi tatu.

mzee_wa_konbini: Ya asubuhi ni kweli. Ya mchana mbona hukuyasema? Mwaka jana tulikwenda kumi na wawili, Novemba hiyohiyo. Inari safi kabisa. Balaa lilianza Sannenzaka, ngazi za mawe za kupandia Kiyomizu-dera. Majani yameshakuwa mekundu, Japani nzima iko pale. Mmoja kasimama kununua aiskrimu ya matcha (chai ya kijani), wawili wanapiga picha, kugeuka tumebaki wanne. Saa nzima ni simu: "Uko wapi?" "Niko kwenye duka la vyombo vya udongo." Pale kila duka la pili ni la vyombo vya udongo! Ile roshani ya mbao ya mwaka 1633 tuliiona kwa mafungu matatu, yen 500 kila kichwa. Mkiwa kundi, nendeni Nara.

Mwanafunzi_Osaka: Nara kuna nini zaidi ya kulungu?

mzee_wa_konbini: Kutoka Osaka-Namba ni yen 680. Shukeni kituo cha Kintetsu Nara, si kile cha JR (kampuni nyingine ya treni), maana hicho kiko mbali zaidi na bustani ya kulungu. Mkitoka kituoni dakika chache tu mmefika, na kila kitu kiko humo humo. Aliyepotea mtamkuta kwenye hekalu la Todai-ji. Kiingilio yen 800, msibanie: Buddha wa shaba wa mita 15, aliyezinduliwa mwaka 752. Jioni pandeni Nigatsu-do, ukumbi wa hekalu hilohilo ulio juu kilimani, bure, mkae barazani jua likizama.

Kulungu nao wana vituko. Biskuti zao ni yen 200; ukimwinamia, naye anakuinamia. Zikiisha, onyesha viganja vitupu upesi. Mwenzetu alificha moja mfuko wa nyuma, akang'atwa koti, ramani ikaliwa.

Nyota_ya_Kilifi: Naunga mkono Nara. Ila pagoda (mnara) ya hekalu la Kofuku-ji msiitegemee, iko kwenye ukarabati, imefunikwa. Badala yake fuateni njia ya taa za mawe hadi hekalu la Kasuga Taisha. Nunueni onigiri (matonge ya wali) Namba asubuhi, karibu na bustani bei zimechangamka, na kila mtu abebe mfuko wake wa taka kwani mapipa ni shida kuyapata. Tunaoswali, mkeka uwe mnene na mchague pa kutandika: vinyesi vya kulungu vimetapakaa kama kunde zilizomwagika.

Binti_Pangani: Haya, kwa watu kumi nimesalimu amri. Kwa wawili watatu, Inari alfajiri bado haina mpinzani. Siku mkienda Gion someni vibao: vichochoro vya watu binafsi haviingiwi, faini yen 10,000.

Mwanafunzi_Osaka: Tumepiga kura, Nara saba, Kyoto watatu. Hao watatu wanasema Jumapili wataamka saa kumi alfajiri waende Inari. Kiongozi wao ni yule Mkongo wetu, ambaye kipindi cha saa tatu hajawahi kukiwahi hata siku moja.