Pishi ya mwanafunzi ina vibaba vitano?

Assalaam aleykum. Mnisamehe, naandika na moyo unaniwaka.

Mie niko kidato cha tano, huku Wete, Pemba. Naingia skuli asubuhi, nikitoka mchana nina nafasi mpaka magharibi. Nataka kujilipia tuisheni nisimsumbue mama. Lakini kazi ya nusu siku yenye pesa ya maana utaipata wapi? Dukani wanakupa elfu tatu na unafunga nao saa nne za usiku. Mahoteli yako Nungwi na Paje, kule Unguja, mpaka uvuke bahari. Hizo za kwenye magrupu ya WhatsApp, "saa mbili tu kwa siku, elfu hamsini", wanataka kwanza utume pesa ya fomu. Mwenzangu darasani katuma, namba haipatikani tena.

Inabaki karafuu. Nikaenda kwa bwana mmoja aliyekodi mikarafuu, tukapatana elfu mbili kwa kila pishi ya karafuu nitakayochuma, pishi kile kipimo chetu cha vibaba. Nikafurahi wallahi.

Mkarafuu si muembe jamani. Tawi lake linakatika bila kukupa hata mlio, na wewe uko juu kuliko paa la nyumba, umejifunga kamba, mkono mmoja unavuta na mmoja unachuma. Ukishuka hujamaliza. Unakaa jamvini uchambue makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, na hapo hulipwi hata senti. Makonyo anabaki nayo yeye, na kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Wawi kinayanunua. Hilo nilinyamaza, nikasema ndiyo ada.

Lililonichoma ni kopo lake la kupimia. Watu wazima anawapimia kwa pishi, mfuto, yaani inafutwa juu ikawa sawa na mdomo. Sisi wa skuli anatoa kopo lake la bati, tena anajaza mpaka linafanya kilima, anasema ndiyo hiyo hiyo. Siku ya tisa nikaliazima kopo nikaenda nalo nyumbani, nikapima mchele kwa kibaba cha bibi. Vibaba vitano! Pishi tangu enzi za mababu ni vibaba vinne, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.

Siku tisa nilipimiwa 28, nikalipwa elfu 56. Kwa haki zilikuwa 35, yaani elfu 70. Elfu 14 zangu ziko mfukoni mwake, na hapo sijahesabu kile kilima. Tuko wanafunzi sita kwake.

Nilipomwambia akajibu, "Wewe mtoto, shukuru umepata kazi." Mtoto! Mbona kupanda nimepanda mikarafuu ile ile ya watu wazima?

Wazazi, mnaowaruhusu vijana kwenda kuchuma, waulizeni wanapimiwa kwa kipimo gani. Na wenye mashamba mnaosoma hapa, nani anapima mfuto kwa kila mtu? Aseme, tuko sita na tunachuma vizuri.

Kesho nakwenda na kibaba cha bibi mkononi. Akikataa kupimia hicho, sipandi.