OOD wanataka kufunga faili la mdogo wangu. Kocha wa kazini atalipwa na nani?

mwana_uvira: Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu, miaka 23, ana ulemavu wa akili na anapokea SSI, posho ya serikali ya Marekani kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo. Yuko Dayton, Ohio, anapanga bidhaa supamaketi saa 18 kwa wiki. Kocha anayemwelekeza kazini analipiwa na OOD, yaani VR ya Ohio, idara ya jimbo inayowasaidia wenye ulemavu kupata kazi. Mshauri anasema kazi imeshatulia, faili lifungwe. Lakini zamu ikibadilishwa tu, dogo anavurugika. Tena mshahara si utaimaliza SSI?

Fundi Mafaili: Usisaini chochote kwanza. Fungua mpango wake wa ajira (IPE) utafute palipoandikwa nani atalipa msaada wa muda mrefu. Kwa ajira ya aina hii, yenye kocha, lazima mlipaji atajwe, au ielezwe kwa nini wanatarajia atapatikana. Pesa ya VR, 78.7% ya shirikisho na iliyobaki ya jimbo, ni ya kuanzishia: mwisho miezi 24, labda mshauri na mteja wakubaliane kuongeza. Baada ya hapo kwa kawaida ni weiva ya Medicaid, yaani mpango wa bima ya afya ya serikali unaolipia msaada wa muda mrefu kwa wenye ulemavu. Kazi nyingi hufia hapo katikati: VR imeshajitoa, weiva bado iko foleni.

Ila umri unamsaidia. Kijana mwenye ulemavu mkubwa zaidi, VR yenyewe inaweza kumlipia huo msaada wa muda mrefu hadi miaka 4 au mpaka atimize 25, kinachotangulia. Usingoje watamke wao.

dada_wa_Akron: Weiva za Ohio huanzia bodi ya kaunti ya ulemavu wa makuzi, kwenu ni Montgomery. Omba tathmini ya foleni ya weiva kwa maandishi, wiki hii hii. Na ukiulizwa kocha anafanya nini, "anamsaidia" haitoshi, watakukatia saa. Sema: ratiba mpya ikitoka anaisoma naye mstari kwa mstari; rafu zikihamishwa anapita naye zamu nzima; meneja akibadilika anamweleza dogo aelekezwe jambo moja moja.

Hesabu_Kwanza: SSI haiishi kirahisi hivyo. Chukua mshahara wa mwezi kabla ya kodi, toa dola 20, toa 65, kinachobaki gawa kwa 2. Akipata 885, SSI inapungua 400, kwa hiyo ana 485 za ziada. Ripoti mshahara kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, la sivyo SSA, ofisi inayolipa SSI, italipa zidi halafu imdai. Hata SSI ikifika sifuri kwa sababu ya mshahara, kifungu cha sheria 1619(b) humwachia Medicaid mpaka mshahara ufikie kiwango cha jimbo.

Kama ni mkimbizi: SSI hukatika baada ya miaka 7 asipopata uraia. Fomu N-648 ikijazwa vizuri na daktari inaweza kumwondolea mtihani wa Kiingereza na uraia.

mwana_uvira: Asanteni sana. Mshauri akikomaa kufunga? Mama naye hajui Kiingereza.

Fundi Mafaili: Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mdaini kabla ya kikao, watoto wasitafsiri. Kisha mpigie CAP, ofisi inayowatetea wateja wa VR, kwa Ohio iko Disability Rights Ohio, mkate rufaa kwa maandishi. Kesi isikilizwe ndani ya siku 60, na wakati huo huduma zilizomo kwenye IPE hawaruhusiwi kuzisimamisha wala kuzipunguza, isipokuwa zilipatikana kwa udanganyifu.

dada_wa_Akron: Barua ipelekwe kabla faili halijafungwa, na mbaki na nakala yenye tarehe.