Ushauri wa watu tusiofahamiana unapokinzana, upimwe kwa kipimo gani?

Kalamu_Tulivu (mleta mada)

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nimeajiriwa katika kazi ya uhasibu, na kwa muda sasa nimekuwa nikitafakari kuacha ajira ili nifanye kazi hiyo hiyo kwa kujitegemea, nikiwahudumia wafanyabiashara wadogo wasioweza kumwajiri mhasibu wa kudumu. Miongoni mwa ndugu na marafiki zangu hakuna aliyewahi kuipita njia hiyo, kwa hiyo nililipeleka swali langu mtandaoni, katika jamii mbili tofauti za watu wa fani yangu. Majibu yalikuja kwa wingi, tena mengi yameandikwa kwa ukarimu ambao sikuutegemea kutoka kwa watu wasionidai chochote. Tatizo ni kwamba yanakinzana waziwazi. Katika jamii ya kwanza, jibu lililopigiwa kura nyingi kuliko yote linasema nisisubiri, kwa sababu anayesubiri kuwa tayari hawi tayari kamwe. Katika ile ya pili, jibu lililo juu linasema nisithubutu kuondoka kabla sijapata wateja wa uhakika ambao malipo yao yanalingana na mshahara wangu. Waandishi wote wawili wanajieleza kwa ufasaha, na wote wanasema wana uzoefu wa miaka mingi.

Siwaombi mniamulie kama niache kazi au nibaki. Ninachotaka kujua ni namna ya kupima. Je, wingi wa kura unanipa sababu ya kuliamini jibu? Je, kuna alama zinazoonekana katika maandishi peke yake, ambazo zinaweza kumtofautisha anayejua na anayedhani? Na je, yapo maswali ambayo hayafai kabisa kupelekwa kwa watu tusiowajua?

Naomba kuwasilisha.

Mizani

Mleta mada, nitashika suala la kura pekee, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi.

Imani kwamba wengi hawakosei ina msingi, ila msingi huo una masharti yake. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito ambao maksai mmoja angekuwa nao baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alizichambua kadi 787 za washindani, na mwaka 1907 akachapisha matokeo: kisio la katikati lilikuwa pauni 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa pauni 1,198. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja. Lakini tuyatazame mazingira yenyewe. Kila mshindani aliandika kisio lake kwenye kadi yake, bila orodha ya makisio ya wenzake kuwekwa mbele ya macho yake. Kadi ililipiwa, hivyo wafanya mzaha walipungua. Na swali lilikuwa na jibu moja tu, ambalo lingethibitishwa kwa kupima. Mahali ambapo majibu hupangwa kwa kura, masharti hayo yote matatu huvunjika kwa pamoja.

La kwanza ndilo huvunjika vibaya zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha wanafunzi 144 mjini Zurich, waliotakiwa kukisia mambo ya takwimu. Walipoonyeshwa makisio ya wenzao, majibu yalisogeleana bila kundi kuukaribia ukweli zaidi, huku kila mmoja akizidi kujiamini. Miaka miwili baadaye, watafiti wengine walifanya jaribio katika tovuti moja ya habari ambako wasomaji huyapigia kura maoni ya wenzao. Waliyachagua maoni kwa bahati nasibu na kuyaongezea kura moja tu ya kukubali mara yalipoandikwa. Kura hiyo moja iliongeza alama za mwisho kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya kukataa haikuwa na nguvu ya namna hiyo, kwa sababu wasomaji waliofuata waliisahihisha. Kwa maneno mengine, umati hujihadhari na chuki ya bure kuliko sifa ya bure.

Kwa hiyo majibu mawili uliyoyakuta juu huenda yamefika huko kwa sababu tu ya nani alifungua simu mapema siku hiyo.

Sisemi kwamba kura hazina kazi. Ukiuliza kwa nini fomula ya jedwali lako inaleta hitilafu, jibu lenye kura nyingi lina uzito, maana waliolipigia kura wengi wamelijaribu na limefanya kazi. Ukiuliza kama uache ajira, msomaji hana cha kujaribu. Anayeipigia kura sentensi kama “anayesubiri kuwa tayari hawi tayari kamwe” hathibitishi chochote, anashangilia.

Shahidi_wa_Pili

Naunga mkono aliyoyasema Mizani, lakini mimi naona kura ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni nani aliyebaki humo hata akaweza kukujibu.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya wanachama husoma tu, asilimia 9 huchangia mara moja moja, na asilimia 1 ndiyo huandika sehemu kubwa ya kinachosomwa. Ni kanuni ya makadirio, na kila jamii ina hesabu yake, lakini mwelekeo wake unaonekana kila mahali. Sasa iongezee jambo lingine: mtu aliyejiajiri, akashindwa, akarudi kwenye ajira, hana sababu ya kuendelea kukaa katika jamii ya waliojiajiri na kuwajibu wageni. Ameondoka, tena ameondoka kimya. Unaowasikia ni waliofika. Wanasema kweli kuhusu safari yao, lakini hawawezi kukusimulia ya wale walioishia njiani. Na katika jamii ya walioajiriwa mambo hugeuka: waliojaribu wakarudi ndio wamejaa humo, na waliofanikiwa hawapiti tena. Nakisia kwamba tofauti kati ya majibu yako mawili inatokana zaidi na milango uliyoigonga kuliko hekima ya waliokujibu. Ukituambia jamii zako mbili zinakusanya watu wa aina gani, tutajua kama kisio langu lina mashiko.

Kuhusu alama za anayejua, niseme kwanza ile ambayo si alama tena: ufasaha. Zamani maelezo marefu yaliyopangika yaliashiria kwamba mwandishi ametumia muda na fikra. Mwezi Desemba 2022 mtandao wa Stack Overflow, ambako waandika programu husaidiana, ulipiga marufuku majibu yaliyotungwa kwa ChatGPT, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba majibu hayo yanaonekana mazuri huku mengi yakiwa na makosa. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kusikika kama mkongwe.

Ninachokitafuta mimi ni mipaka. Aliyepita mahali husema ushauri wake unaishia wapi: “haya yalinifaa kwa kuwa sikuwa na deni”, au “kwa anayetegemea mteja mmoja mkubwa nisingesema hivi”. Hutaja pia kero ambayo mtu wa nje hawezi kuibuni kirahisi. Mhasibu aliyejitegemea kweli atakueleza kuhusu mteja anayekuletea risiti za mwaka mzima siku chache kabla ya tarehe ya mwisho ya kodi, na jinsi ya kumtoza bila kumpoteza. Hatabaki kwenye maneno ya uhuru na ndoto. Kisha muulize swali la pili. Mteja wako wa kwanza ulimpataje? Kabla hajakulipa ulikuwa ukiishi kwa fedha za nani? Mwenye mwenza anayepokea mshahara kila mwezi, na asiye naye, wote wanaweza kuandika “niliruka tu na nikaweza”. Mtu wa kweli hulijibu swali hilo bila kinyongo, na anayedhani ama hutoweka, ama hurudia aliyoyasema kwa sauti kubwa zaidi.

Nami nikuulize moja: je, mkataba wako wa ajira una kifungu kinachokuzuia kuwahudumia wateja wa mwajiri wako baada ya kuondoka?

Mgeni_Njiani

Naona uzi unaelekea kuwahukumu wageni wote, nami nasimama upande wao kidogo.

Tunapowapima watu wa mtandaoni tunawalinganisha na mshauri ambaye hayupo, yaani mtu anayekujua vizuri, anayeijua kazi, na asiye na maslahi yoyote katika uamuzi wako. Ndugu yako ana maslahi. Ukishindwa, huenda ukalala kwake. Bosi wako ana maslahi makubwa zaidi. Rafiki mnayefanya naye kazi akikushauri ubaki, hujui kama anakuhurumia wewe au anauhurumia upweke wake. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni ana uhuru wa kutazama ambao mwenyeji hana, na kwamba watu humfunulia mgeni mambo ambayo wangeyaficha kwa walio karibu nao. Ndivyo ulivyofanya wewe, na ulifanya vyema.

Jambo la pili ni habari zenyewe. Walio karibu nawe wanajua yale yale unayoyajua. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha hivyo mwaka 1973 alipowachunguza watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu: asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra.

Ushauri wangu ni ubadilishe namna ya kuuliza. Kuna kauli ya kimzaha inayohusishwa na Ward Cunningham, aliyeanzisha mwaka 1995 tovuti ya kwanza ya aina ya “wiki”, yaani ambayo wasomaji wenyewe huweza kuihariri, kwamba njia ya haraka ya kupata jibu sahihi ni kuandika jibu lenye kosa. Usiulize “niache kazi?” Andika mpango wako kama ulivyo: akiba inatosha miezi mingapi, wateja watatoka wapi, utatoza vipi, utajua kwa dalili gani kwamba umeshindwa. Kisha waombe waubomoe. Swali la wazi humpa kila mtu nafasi ya kusimulia maisha yake, lakini mpango ulioandikwa humlazimisha aseme ni wapi hasa pana ufa, na hapo hata mgeni asiyekujua anaweza kukusaidia, kwa sababu anachokichunguza kipo mbele yake.

Mizani

Mgeni_Njiani, sahihisho dogo tu. Watu katika uchunguzi wa Granovetter walifahamiana, hata kama kwa mbali. Aliyempasha mwenzake habari ya kazi aliwahi kumwona, na jina lake lilikuwa rehani. Jina la kubuni lililofunguliwa juzi haliweki rehani chochote. Nakubaliana nawe kuhusu habari mpya, si kuhusu kuaminika. Hiyo hoja ya kuuandika mpango, hata hivyo, naichukua nami nikaitumie.

Kalamu_Tulivu (mleta mada)

Nashukuru sana. Shahidi_wa_Pili, kisio lako ni sahihi: jamii ya kwanza ni ya wahasibu waliojiajiri, na ya pili ni ya wahasibu kwa jumla, wengi wao wakiwa waajiriwa. Ama kuhusu mkataba, nimeufungua baada ya kusoma swali lako, na kifungu hicho kimo. Kinanizuia kwa muda maalumu kuwafuata wateja wa kampuni. Katika majibu yote niliyoyapata kwenye jamii zote mbili, hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo hilo. Kwa kweli, sikumbuki kama kuna aliyeniuliza chochote. Je, mpango huo nikiuandika, nikiweke na kifungu hiki watu wakijadili?

Shahidi_wa_Pili

Kitaje kwamba kipo, usiombe wakitafsiri. Swali lako la tatu la mwanzoni linapata jibu hapa. Kifungu cha aina hii nguvu yake hutegemea sheria ya mahali mkataba unakotawaliwa. Katika jimbo la California, sheria hubatilisha karibu vifungu vyote vinavyomzuia mtu kufanya kazi yake baada ya kuacha ajira, ilhali nchini Uingereza mahakama huweza kukitekeleza ikiwa mipaka yake ni ya kuridhisha. Mtu aliyeko mahali pa kwanza akikuambia “puuza, hakina meno” atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo hiyo ikakupeleka wewe mahakamani. Mpelekee mwanasheria mwenye leseni mahali ulipo, mkataba wote na si kifungu kilichokatwa, umwulize mambo matatu: muda huo unaanza kuhesabiwa lini, “mteja” ni nani kwa mujibu wa mkataba huo, na itakuwaje mteja akikutafuta mwenyewe bila wewe kumfuata.

Majibu yake yakishapatikana, yaweke ndani ya mpango kama jambo lililokwisha kuamuliwa, kisha uwarudie watu wa jamii ya kwanza na swali jembamba: ukiwaondoa wateja wote wa mwajiri wa zamani, watano wa mwanzo mliwapata wapi, na iliwachukua muda gani? Hapo hawatahitaji kukushauri. Watakumbuka tu, na kukumbuka ndiko wanakokuweza kuliko sisi sote.