Kipaka dawa ya matairi kwenye konveya: ubavu unabaki na doa kavu, milango inajaa matone

handaki_safi

Habari wakuu. Mtambo wetu wa kuosha magari ni wa konveya, yaani gari linavutwa kupita kwenye handaki la kuoshea, mwendo mita 12 kwa dakika. Mwisho wa handaki, baada ya feni za kukaushia, kuna vipaka dawa viwili, kimoja kila upande. Ni mkono wenye bawaba unaosukumwa na silinda ya hewa, mbele yake kuna brashi ya nyuzi laini yenye urefu wa mita 2.4. Dawa ni ya kung'arisha matairi, ya maji. Inavutwa na pampu ya diaframu inayoendeshwa kwa hewa, inapita valvu ya solenoidi (inayofunguka kwa umeme), halafu inadondoka kutoka kwenye bomba lenye matundu lililolala juu ya brashi. Sensa ya tairi iko kwenye mlango wa kuingilia na kontrola inahesabu palsi za konveya (ishara inayotoka kila konveya ikisogea hatua moja) kabla ya kufungua valvu.

Shida ni mbili. Upande wa pili, yaani ule usio na reli ya kuongoza tairi, magari makubwa yanatoka na kipande kikavu ubavuni chenye umbo la mwezi mchanga, na tairi za nyuma ndizo mbaya zaidi. Pia wateja wanalalamika matone meusi kwenye milango. Tukipunguza dawa doa linakua, tukiongeza matone yanazidi. Sasa hivi gari moja linakula mililita 90 hivi. Kuna wazo la kuondoa brashi na kuweka aina ya kupuliza kwa nozeli. Mnashaurije?

fundi_palsi

Msinunue kitu kwanza. Hizo shida mbili hazina sababu moja, ila nyinyi mnazitibu zote kwa kuongeza na kupunguza dawa, ndiyo maana hamtoki hapo.

Tuanze na doa. Brashi inapaka tairi likiwa linabingirika, kwa hiyo ili ubavu wote upate dawa, tairi lazima limalize mzunguko mzima likiwa limegusa brashi. Piga hesabu. Tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha milimita 632, mzunguko wake ni mita 1.98. La 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776, mzunguko mita 2.44. Likibeba uzito wa gari linasafiri pungufu kidogo kwa kila mzunguko, tuseme asilimia 3, unapata kama mita 2.37. Brashi yenu ni mita 2.4, lakini ncha zake zimekatwa mshazari ili tairi liingie bila kugonga, na sehemu hizo hazibonyezi sawasawa. Ukitoa sentimita 10 kila ncha unabaki na mita 2.2 za kazi. Gari dogo linamaliza mzunguko na chenji inabaki. Gari kubwa linaondoka na sentimita 17 ambazo hazikukandamizwa vizuri.

Sasa tairi la nyuma. Umbali kati ya ekseli kwenye magari mengi unazunguka mita 2.7. Tairi la mbele linapoacha brashi ya mita 2.4, la nyuma limebakiza mita 0.3 tu kuifikia. Kwa mwendo wenu wa mita 0.2 kwa sekunde hiyo ni sekunde moja na nusu. Brashi imeshafutwa na tairi la mbele, na dawa haiwezi kushuka kutoka kwenye bomba hadi ncha za nyuzi kwa muda huo. Kwa hiyo dozi ya nyuma isisubiri la mbele limalize. Gawa kila dozi mara mbili: nusu ya kwanza tairi likiwa mita 0.5 kabla ya brashi, nusu ya pili likifika katikati yake. Kiasi ni kilekile, kinachobadilika ni saa ya kukitoa.

Halafu angalia jambo moja kwenye programu: je, baada ya valvu kufunguka, inafungwa kwa palsi au kwa sekunde? Mitambo mingine inafungua kwa palsi na kufunga kwa sekunde. Konveya ikisimama katikati, sekunde zinaendelea kuhesabiwa na dozi iliyobaki inamwagika juu ya tairi lililosimama. Hata ufungaji ukitegemea palsi peke yake, palsi zinasimama na valvu inabaki wazi. Weka sharti: mota ya konveya ikizimika, solenoidi inafunga papo hapo, na konveya ikianza tena valvu iendelee na palsi zilizobaki.

mkono_wa_hewa

Hesabu ya fundi_palsi ni sahihi, ila haielezi kwa nini upande wa pili tu. Brashi zote mbili zina urefu mmoja.

Upande wa reli, tairi linapita mahali palepale kila siku. Upande wa pili linapita kulingana na upana wa gari. Kati ya gari dogo na pikapu kubwa, tofauti inaweza kufika sentimita 30. Mkono wa upande huo ndio unaobeba tofauti yote, na ndio unaoonyesha kila udhaifu wa silinda na bawaba.

Fanyeni hivi konveya ikiwa imezimwa na umeme umefungwa kwa kufuli. Achia hewa ya silinda, sukuma mkono kwa kiganja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usikwame popote. Ukikwama, bushi za bawaba zimekauka au zimeota kutu kwa mvuke wa sabuni. Rudisha hewa, weka gari kubwa mbele ya brashi, tazama kutoka juu. Brashi inatakiwa iwe sambamba na konveya. Ikiwa inagusa kwa mbele na nyuma kuna mwanya, fimbo ya kusawazisha imelegea nati, na mita zako 2.2 za kazi zimekuwa mita moja na nusu.

Kisha nguvu ya kubonyeza. Ncha za nyuzi zipinde sentimita 2 hadi 3, si zaidi. Watu hupandisha regyuleta wakidhani brashi ikikandamiza sana itapaka vizuri. Nyuzi zikilala hadi kwenye mizizi, kinachogusa tairi ni mbavu za nyuzi badala ya ncha, na tairi likizipita zinafyatuka na kurusha dawa juu ya mlango. Sehemu ya matone yenu inaweza kuwa inatoka hapo hapo.

Ukimaliza hayo, pima kimo cha brashi. Ubavu wa 205/55 una milimita 113 tu, wa 265/65 una milimita 172. Brashi iliyowekwa juu mno kwenye gari dogo inapaka rimu. Kwenye rimu zenye spoku wazi dawa inapenya hadi kwenye diski ya breki, na silikoni ya dawa kwenye diski si jambo la kucheka.

povu_jepesi

Kuhusu matone, kabla ya kurekebisha chochote someni yamekaa wapi. Yakiwa nyuma ya tairi, yamepanuka kama feni kwenye sehemu ya chini ya mlango, yalirushwa na tairi baada ya gari kuongeza mwendo barabarani. Yakiwa mbele ya tairi, au yametawanyika kwa mstari mmoja urefu wote wa gari, yametoka kwenye kipaka chenyewe. Yakiwa madogo sana na yapo hadi kwenye vioo vya madirisha, ni ukungu uliobebwa na upepo wa feni. Hiyo ya mwisho kwenu si rahisi kwa sababu kipaka kiko baada ya feni, isipokuwa kama feni ya mwisho imeelekezwa upande wa kipaka.

Tairi linarusha kwa sababu dawa imebaki imesimama badala ya kukamata mpira. Mililita 90 kwa gari ni nyingi kwa dawa ya maji. Lengeni 40 hadi 50, na mkishindwa kupata mng'ao kwa kiasi hicho, tatizo liko kwenye tairi. Futa ubavu kwa kitambaa cheupe kabla ya kipaka. Kikitoka na rangi ya kahawia, sabuni ya matairi huko mwanzoni haijafanya kazi. Ule ukahawia ni kemikali za kulinda mpira usipasuke kwa ozoni. Zinatoka ndani polepole na kukaa juu, na dawa ikipakwa juu yake inashika uchafu badala ya mpira. Kikitoka na maji, feni hazifiki chini. Dawa ya maji juu ya tairi lenye maji inazimuliwa, inateleza hadi kwenye herufi zilizochomoza na kwenye mfereji kati ya tairi na rimu, inajikusanya hapo. Ndiyo inayorushwa. Pua moja ya feni iliyoelekezwa kwenye tairi mita chache kabla ya kipaka inasaidia kuliko kubadilisha dawa.

Msiizimue dawa kwa maji ya bomba yenye chumvi nyingi. Ni emalsheni ya silikoni, yaani mafuta yaliyochanganyika na maji, na chumvi inaivunja: mafuta yanapanda juu, maji yanakaa chini, na pampu inavuta maji matupu kwa nusu pipa la kwanza. Iliyozimuliwa isilale wiki nyingi, inaota bakteria, inanuka na utelezi wake unaziba chujio.

mkono_wa_hewa

Na hilo la nozeli: sikubaliani nalo kwa handaki la konveya. Nozeli inarusha dawa kwenye kila kilichopo mbele yake, ikiwemo kashata ya tairi (sehemu inayokanyaga barabara) na madigadi, na haisambazi kitu. Nguo ya brashi au sponji inapaka na kufuta ziada kwa mpigo mmoja.

fundi_palsi

Nozeli ina mahali pake, kwenye mashine ambazo gari linasimama na mkono unatembea, na mtu anapita na sponji baadaye. Kwa konveya yenye msururu sioni faida.

handaki_safi

Asanteni. Tumepima. Kufunga valvu kulikuwa kwa sekunde kweli, tumehamishia kwenye palsi na kuunganisha na mota. Brashi ya upande wa pili ilikuwa imeinama, mwanya wa sentimita 6 nyuma, nati ya fimbo ilikuwa imelegea. Tumeshusha hewa hadi ncha zipinde sentimita 3. Doa limebaki kwenye magari makubwa tu, tena dogo. Matumizi mililita 55.

Limebaki jambo la asubuhi: magari matatu manne ya kwanza yanatoka makavu pande zote, baadaye yanakaa sawa. Na matundu ya bomba upande wa mwisho yanatoa kidogo kuliko ya mwanzo. Je, tuongeze brashi iwe mita 3?

fundi_palsi

La asubuhi ni dawa kurudi kwenye pipa usiku. Valvu ya kuzuia kurudi iliyo chini ya mpira wa kuvutia imechoka au imebanwa na takataka, kwa hiyo mpira unajaa hewa. Itoe, isuuze kwa maji ya moto, ipulize kwa mdomo: ipite upande mmoja tu. Ikiwa ni mbovu weka mpya, na nyingine uiweke karibu na solenoidi. Ukibadilisha mipira angalia aina yake. Silikoni iliyomo kwenye dawa inavimbisha mpira wa silikoni, hivyo ule mpira laini mweupe unaopenda kuonekana kwenye pampu za kukamua haufai. Mkihamia dawa yenye kiyeyushi cha petroli, sili za mpira wa EPDM nazo zitavimba, mtahitaji za mpira wa Viton, na suala la moto litakuwa juu ya mengine yote.

Matundu ya mwisho: bomba linalishwa kutoka upande mmoja, presha inaisha njiani. Lilishe kutoka katikati kwa kiungo cha T. Kabla ya hapo zibua matundu kwa waya mwembamba, usiyapanue kwa drili. Kisha pima: weka vikombe sita chini ya bomba kwa nafasi sawa, fungua valvu kwa mkono sekunde 10, linganisha. Kikombe cha mwisho kisiwe pungufu ya cha kwanza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Brashi ya mita 3 itaondoa doa la magari makubwa, ndiyo, hata la 285/70R17 lenye mzunguko wa mita 2.61. Lakini kwa ekseli zilizo mita 2.7, tairi la mbele na la nyuma vitakuwa juu ya brashi kwa pamoja kwa sentimita 30. Dozi zitaingiliana na itabidi mpange palsi upya, na bawaba itabeba uzito zaidi. Angalieni pia nafasi kabla ya mlango wa kutokea: gari lisiachwe na konveya huku tairi la nyuma bado limo kwenye brashi.

povu_jepesi

Nyongeza kwa upande wa usalama. Ikiwa ncha za nyuzi zimechakaa na kufunguka, zinapindia kwenye kashata. Weka karatasi kavu sakafuni mita moja baada ya kipaka, pitisha gari dogo juu yake. Alama ya mafuta kwenye karatasi maana yake brashi iko chini mno au imekwisha. Gari linalotoka na silikoni kwenye kashata linaweza kuteleza kwenye breki ya kwanza, na pikipiki zisipite kabisa kwenye kipaka hiki.

Trei ya kukusanyia matone chini ya brashi isiunganishwe na tangi la maji yanayorudiwa. Silikoni ikiingia humo inaishia kwenye vioo vya mbele vya magari yote yanayofuata, na waipa zinaanza kuacha ukungu. Ile iliyokusanywa msiirudishe kwenye pipa la dawa hata ikionekana safi. Ina mchanga wa brashi, na mchanga ndio unaoharibu kiti cha solenoidi hadi inaanza kuvuja polepole usiku kucha.

handaki_safi

Trei yetu inaishia kwenye mfereji wa tangi. Tunaikata kesho kabla ya kufungua, halafu T na valvu mpya. Nitaleta vipimo vya vikombe sita vya pande zote mbili.