Mwaliko wa Ulaya au mkataba mdogo wa Marekani: chuo chetu kichague upi?

Mhadhiri wa Mazimbu:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Idara yetu, katika chuo kikuu cha umma hapa Morogoro, imepata mialiko miwili ya utafiti kwa wakati mmoja, na hatuna watu wa kutosha kuipokea yote. Wa kwanza unatutaka tuwe washirika katika andiko la kuomba fedha za Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027. Wa pili unatutaka tuchukue mkataba mdogo chini ya chuo kimoja cha Marekani kinachoomba fedha za NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya. Mkuu wa idara anasubiri jibu Ijumaa. Kwa uzoefu wenu, upi una manufaa zaidi?

Mkaguzi Mstaafu:
Mwalimu, umeacha yale yenye uzito. Mnatafiti nini? Sampuli zitabaki nchini au zitasafiri? Bajeti yenu imeandikwa na nani? Usipotueleza hayo tutakuwa tunabahatisha tu. Ninaloweza kusema sasa ni la hesabu. Horizon Europe humwongezea kila mshirika asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, kwa ajili ya uendeshaji, na taasisi za Tanzania zinastahili fedha hizo bila idhini maalumu. NIH, kwa taasisi iliyo nje ya Marekani, huishia asilimia 8. Asilimia 8 haiwezi kulipa umeme, mhasibu na ulinzi wa maabara. Pengo hilo huzibwa na chuo, yaani na karo za wanafunzi wetu.

Dada wa Maabara:
Mzee Mkaguzi, asilimia haina maana kama fedha zenyewe hazitoki. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa wala kuhuisha ruzuku zenye mikataba midogo kwa taasisi za nje mpaka utaratibu mpya uwepo. Mwalimu amwulize mwenzake wa Marekani andiko lake limefuata utaratibu upi. Hata hivyo, andiko la Ulaya nalo halijashinda, na maandiko mengi hukataliwa. Tusimhimize anunue mbuzi kwenye gunia.

Mhadhiri wa Mazimbu:
Asanteni, na samahani kwa kutojieleza. Tunatafiti homa ya mgunda (maradhi ya bakteria yanayoenezwa na mkojo wa wanyama) kwa panya na kwa wakulima wa mpunga, ugonjwa uleule uliozuka Lindi mwaka 2022. Katika miradi yote miwili sisi tumepangiwa kukusanya sampuli, na kazi ya kusoma vinasaba itafanyika kwao. Bajeti waliiandika wao.

Bi Mkubwa wa Kilosa:
Mwanangu, hapo pa mwisho ndipo palipotuumiza sisi. Miaka kadhaa iliyopita tuliingia mradi wa namna hiyo na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho sitakitaja. Mkataba ulisainiwa ngazi za juu, nasi watafiti tuliuona baada ya miezi minne. Fedha zilichelewa mpaka mvua zikawa zimekwisha, na panya wa baada ya mavuno si panya wa masika, kwa hiyo tukapoteza msimu mzima. Tulikopa mafuta ya gari kwa jina langu. Masurufu yalipofika, mhasibu alidai stakabadhi za tarehe za baada ya fedha kuingia, wakati kazi ilikuwa imefanyika kabla. Sampuli zaidi ya elfu moja zilisafiri kwa vibali vyote halali, lakini mkataba haukusema takwimu zitarudi lini. Mwanafunzi wetu wa uzamivu, binti aliyelala vijijini wiki kumi na moja akitega mitego, alisubiri takwimu hizo miaka miwili, mwishowe akabadilisha mada. Makala ilipochapishwa, jina lake lilikuwa kwenye shukrani. Hata leo nikikutana naye nakosa la kumwambia.

Mwanamtandao wa Makerere:
Pole sana, Bi Mkubwa. Ndiyo sababu mimi huwashauri watu waanze na ushirikiano wa Afrika kwa Afrika. ARUA, umoja wa vyuo vikuu vya utafiti ulioanzishwa Dakar mwaka 2015, unakutanisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Vituo 24 vya umahiri vya mradi wa Benki ya Dunia katika nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika vilisomesha wanafunzi wengi wa uzamivu hukuhuku.

Mkaguzi Mstaafu:
Kaka, fedha za Benki ya Dunia ni mkopo kwa serikali zetu, nazo zina mwisho.

Dada wa Maabara:
Wala si kila ushirikiano wa mbali ni wa kunyonya. Kazi ya panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini ilianzia Ubelgiji mwaka 1997, ikahamia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka 2000, na tangu hapo panya wanafunzwa Morogoro. Taasisi ya Afya ya Ifakara nayo ilianza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy. Leo ni taasisi ya Kitanzania, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika kituo chake cha Bagamoyo. Kilichosaidia ni maabara kujengwa mahali ugonjwa ulipo.

Bi Mkubwa wa Kilosa:
Kwa Ifakara hilo lilichukua miongo kadhaa, Dada. Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka minne tu.

Mhadhiri wa Mazimbu:
Jana nilimwandikia mratibu wa Ulaya. Amekubali nafasi mbili za uzamivu na tarehe ya kurudisha takwimu katika mkataba wa ubia, lakini mashine kubwa ya kusoma vinasaba haingii kwenye bajeti. Mmarekani hajajibu. Mkuu wa idara ameahirisha uamuzi hadi Jumatano.

Mwanamtandao wa Makerere:
Mwulize huyo mratibu wa Ulaya kuhusu zile mashine ndogo za kusoma vinasaba zinazoshikika kiganjani. Bei yake ni nafuu zaidi, na sampuli hazitalazimika kupanda ndege.

Mhadhiri wa Mazimbu:
Je, kuna aliyewahi kuitumia katika joto letu, umeme ukikatika katikati ya kazi?