Mjadala: Mwenye kipato kizuri ng'ambo, je, maskini wa huku ana haki katika mali yake?

Mhasibu, Makupa:

Mada ni hii. Mtu ana mshahara wa kumtosha Uingereza, Ujerumani au Marekani. Hana njaa, ana paa, kodi yake analipa. Je, kumsaidia maskini wa Ganze au Kinango, huku pwani ya Kenya, ni wajibu juu yake, au ni hisani tu, akitaka atoe, asipotaka asilaumiwe? Mimi nasema ni wajibu, na naanza na hesabu maana mjadala huu ukibaki hewani hauishi.

Mwaka 2024 mshahara wa kati wa mfanyakazi wa muda wote Uingereza ulikuwa pauni 37,430. Toa kodi ya mapato na makato ya bima ya taifa, mkononi hubaki kama pauni 30,400. Sehemu moja ya kumi ya hizo ni pauni 3,000 na ushei, na kwa Sh165 kwa pauni ni nusu milioni ya shilingi. Tena serikali yao huongeza pauni 25 juu ya kila pauni 100 ambazo mlipakodi amelipa shirika la hisani lililosajiliwa, ilimradi ajaze tamko la Gift Aid. Upande wa pili, Benki ya Dunia ilipandisha kipimo cha umaskini uliokithiri Juni 2025 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Dola hizo zimekwisha kulinganishwa na bei za kila nchi, kwa hivyo jibu la "kwenu vitu ni rahisi" halina nafasi hapa.

Mkaazi, Nyali:

Tuwe waadilifu, bwana mhasibu. Weka pauni hizo 30,400 London, mtu ana watoto wawili na analipa pango la pauni 1,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 21,600. Zilizobaki 8,800 ndizo chakula, umeme, nauli na sare za shule. Huyo ukimdai moja ya kumi umemdhulumu.

Maalim, Mji wa Kale:

Asalaam aleikum. Jambo hili sheria yetu imelitatua kwa kutoutazama mshahara bali mali iliyobaki. Zaka haimlazimu mtu mpaka alichoweka kifikie nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, na kikae naye mwaka mzima wa Kiislamu. Hapo hutoa asilimia 2.5. Mpangaji wa London anayemaliza mshahara wake kwa pango huenda hadaiwi kitu, na mwenzake mwenye akiba benki anadaiwa. Na neno lililotumika ni haki. Katika Qurani, sura ya Al-Maarij, aya ya 24 na 25 wanasifiwa wale ambao katika mali zao mna haki maalumu ya mwenye kuomba na anayenyimwa.

Ila kuna mlango mwingine lazima tuufungue. Muadh, swahaba wa Mtume, alipotumwa Yemen aliagizwa kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa maskini wao. Kwa sababu hiyo wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, hawaruhusu zaka ihamishwe mji ilhali wanaostahiki wapo papo hapo. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wanachukia zaka kuhamishwa, lakini wanaikubali akiwapo ndugu wa mtoaji au watu wenye shida kubwa zaidi mahali pengine. Sadaka na wakfu hazina mpaka huo. Basi Mwislamu wa Birmingham anayefuata Shafii atazame kwanza maskini wa Birmingham kwa zaka yake, na wa Magarini, hapa pwani, kwa sadaka yake.

Mhasibu, Makupa:

Maalim, nimekufahamu. Mimi nadhani masafa yalikuwa na uzito pale ambapo mtoaji hakuwa na njia ya kumjua wala kumfikia maskini wa mbali. Leo njia ipo. Wajibu wa jirani haujafutika, ila wa mbali umefikika.

Mwuza mitumba, Kongowea:

Njia ipo, lakini wengi wao hutumia njia mbaya. Watu wa huko hudhani nguo wanazoweka kwenye sanduku la hisani zinavishwa maskini bure. Haziji hivyo. Zinachambuliwa kwa daraja, zinauzwa kwa kilo, zinafungwa marobota ya kilo 45 hivi, zinaingia Kilindini kwenye kontena na kulipiwa ushuru kama bidhaa nyingine. Ni biashara, na inalisha watu wengi Kongowea, siionei haya. Lakini asiyeitaja kama biashara anawapunja waliokuwa viwandani. Utafiti uliopima nchi za Afrika kati ya 1981 na 2000 ulikadiria kwamba mitumba ilichangia karibu asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2016 kuiondoa polepole, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mwaka 2017, na Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Anayetaka kusaidia asihesabu nguo kuukuu katika haki hiyo ya maalim.

Mtetezi wa watoto, Mtwapa:

Kuliko nguo, mimi naogopa makao ya watoto. Diani, Watamu, Malindi, Mtwapa, mgeni anapelekwa kuona watoto, wanamwimbia, anarudi kwao na kila mwezi anatuma pesa. Moyo wake ni mzuri. Kinachoharibika ni mpango wenyewe. Pesa zikifuata idadi ya vitanda, mwenye makao anahitaji vitanda vijae, na watoto wengi wanaolala humo wana mzazi hai au nyanya au shangazi. Walichokosa nyumbani ni karo, chakula au dawa. Kumtunza mtoto ndani ya makao hugharimu zaidi kuliko kumsaidia nyanya yake amlee, na mtoto anayebadilishiwa walezi na wageni wa kujitolea kila wiki chache anaumia kwa namna isiyoonekana kwenye picha.

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka malezi ya jamaa na ya familia za kambo, yaani zinazomlea mtoto asiye wao, mbele, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia. Australia iliijadili biashara hii ya yatima mwaka 2018 ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa wa kisasa.

Mfadhili aulize makao anayoyalipia: kila mtoto ana faili lenye amri ya mahakama? Ni wangapi waliorudishwa kwa jamaa mwaka jana, na nani aliwafuatilia baada ya kurudi? Wakijibu kwa picha tu, asikate ghafla, maana watoto watalala njaa usiku huohuo. Awape muda ulioandikwa, na pesa zilezile zihamishiwe kwenye karo na matumizi ya mtoto nyumbani kwao.

Mhudumu wa afya ya jamii, Kwale:

Nami niseme la neti. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yalifanyika Kilifi katika miaka ya 1990, na vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Kituo cha utafiti cha Kilifi kilijengwa na KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pamoja na fedha za Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, kuanzia 1989. Neti yenyewe hununuliwa kwa dola 2 au zaidi kidogo. Na iwe ya bure. Magharibi mwa Kenya ilipojaribiwa kuwauzia wajawazito kwa senti 60 za dola tu badala ya kuwapa bure, waliochukua walipungua kwa pointi 60 kwa mia, na walionunua hawakuitumia zaidi ya waliopewa bure.

Zinapokwama ni hapa. Hesabu ni neti moja kwa watu 1.8, lakini orodha ya kaya ikiwa ya zamani, nyumba ya watu tisa inapata mbili. Neti ya miaka mitatu hutoboka kabla ya muda kwenye vitanda vya kamba na mikeka. Halafu mbu wamezoea pairethroidi, dawa ya kuua wadudu inayotiwa kwenye neti, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2023 neti zenye dawa mbili. Mfadhili anayechagua ya bei rahisi bila kuuliza mbu wa eneo hilo wanakufa kwa dawa gani, amenunua kitambaa.

Kijana, Majengo:

Mnahesabu kinachoingia, hamhesabu kinachotoka. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini, lilisema mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, nyingi kupitia kampuni kubwa zinazoandika bei za uongo. Umoja wa Mataifa uliweka tangu 1970 lengo kwamba nchi tajiri zitoe msaada wa asilimia 0.7 ya pato la taifa. Uingereza ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na imetangaza 0.3 ifikapo 2027. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025 na wenye kutegemea dawa za ukimwi wakabaki roho juu. Mwenye kutegemea moyo wa mtu wa mbali atasimamishwa hivyohivyo. Waambieni wapunguze ada ya kutuma pesa kwanza. Kenya ilipokea dola bilioni 4.94 kutoka kwa watu wake wa nje mwaka 2024. Kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara hugharimu karibu asilimia 8, yaani dola 16. Lengo la dunia ni asilimia 3, dola 6.

Mhasibu, Makupa:

Kila ulichosema ni kweli na hakuna kinacholegeza wajibu. Mwalimu wa Leeds hawezi peke yake kuziba mianya ya kodi ya kampuni. Kura anayo, mshahara pia anao, na havigombani. Wala msaada wote haukuzaa utegemezi: M-Pesa yenyewe, iliyozinduliwa Machi 2007, ilianza kwa fedha za serikali ya Uingereza zilizochanganywa na za Vodafone.

Wakala wa M-Pesa, Likoni:

Na ndiyo njia iliyo fupi kuliko zote. GiveDirectly, shirika la hisani linalowapa maskini pesa taslimu moja kwa moja, liliwapa zaidi ya kaya 10,500 za Siaya takriban dola 1,000 kila moja. Watafiti walipopima, kila dola ilizungusha uchumi wa hapo kwa kama dola 2.5, na bei zilipanda kwa asilimia 0.1 hivi. Wasiopewa nao walifaidika kwa kuuza na kuajiriwa.

Tatizo liko kwenye laini. Mzee hana kitambulisho, laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu, pesa zikiingia mzee hazioni. Wakala wa kijijini hana floti, yaani akiba ya pesa ya kazi, ya kuwalipa watu mia siku moja, kwa hivyo tarehe zigawanywe. Na mtu wa shirika asiguse laini ya anayepewa. Kivu Kusini, Kongo, shirika hilohilo liliibiwa kama dola 900,000 mwaka 2022, na wafanyakazi wake walihusika, kwa kuwa waliachiwa kusajili laini kwa niaba ya watu. Shirika liliutangaza wizi huo lenyewe, na hilo nalihesabu kwa wema wake.

Kijana, Majengo:

Maalim, basi nijibu. Yule aliyetuma zake zikaibiwa Kivu, ameshatimiza?

Maalim, Mji wa Kale:

Katika zaka, akimkabidhi mkusanyaji wa mtawala, dhima imemwondoka. Akimkabidhi wakili aliyemchagua mwenyewe, mkono wa wakili ni mkono wake, na ikipotea kabla ya kumfikia anayestahiki bado anadaiwa. Shirika la hisani analolichagua mtu kwa hiari yake, mimi naliona ni wakili. Sadaka haina dhima hiyo. Thawabu yake iko kwa Mungu hata ikiibiwa. Lakini kama tumekubali na mhasibu kwamba hii ni haki, basi aliyetuma aulize imemfikia nani, na jibu lisipopatikana, atoe tena kwa njia nyingine.